Genge la Nyanya, Genge la Mlima

Vuta kiti ukae. Na kama uko njiani, punguza mwendo, maana leo tunapanda mlima, na mlima haupandwi kwa papara.

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia simu saa tatu usiku. Simu ya shemeji ya saa tatu usiku huwa na mambo mawili tu: msiba au mkopo. Safari hii haikuwa hilo wala hili. "Shemeji," akaniambia, "nimepata likizo ya wiki moja. Nataka nimpeleke mama Lushoto akapunge upepo, joto la Tanga limemchosha. Wewe kule unakujua. Tulale mjini, au tulale kule juu Irente, kwenye zile loji za ukingoni?"

Huyo mama anayemtaja ni mama mkwe wake, yaani mama yangu mzazi. Unauona mtego ulivyokaa. Ushauri ukienda kombo, shemeji atasamehewa kwa kuwa ni mkwe, na mkwe hustahiwa. Mimi nitakumbushwa kila Idi mpaka nizeeke.

Nikamwomba anipe siku mbili. Katika siku hizo mbili nikagundua kwamba swali lake ni la watu wengi. Anauliza mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi. Wanauliza bwana na bibi harusi. Anauliza mtumishi aliyechoshwa na foleni za Dar es Salaam, ambaye kwa siku tatu hataki kusikia honi. Wote wanajua wanakwenda mlimani, ila hawajajua walaze wapi mbavu zao. Basi leo tulizungumze.

Tuanze chini kabisa, Mombo. Kama umepita barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, Mombo unaijua: joto, mkonge, na vijana wanaokimbilia dirisha la basi na mayai ya kuchemsha. Hapo ndipo njia ya Lushoto inapochepuka. Haikupi hata nafasi ya kujiandaa. Inaanza kupanda papo hapo, ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, kona juu ya kona. Masikio yanaziba. Mtoto wa kiti cha nyuma anatapika. Ukifika Soni unaona maporomoko ya maji, na upepo umeshabadilika harufu. Kilomita kama 33 kutoka Mombo unaingia Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na yule abiria aliyekuwa anajipepea kwa gazeti kule chini sasa anapekua begi akitafuta sweta.

Hebu tazama mji wenyewe ulivyokaa. Umekaa bondeni. Wajerumani walipoufanya makao yao ya utawala waliuita Wilhelmstal, maana yake bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Kaisari amekwenda zake na jina lake, bonde limebaki. Ukisimama stendi ya Lushoto ukazungusha macho, unaona miteremko imekuzunguka kama kingo za bakuli: mashamba ya kabichi na karoti, migomba, mabati ya nyumba yanayometa, miti iliyosimama mgongoni mwa kilima. Nyika ya kule chini ulikotoka huioni hata kidogo. Lushoto ni mji unaojitazama wenyewe.

Sasa toka mjini, elekea Irente, mwendo wa kama kilomita 6. Ukitembea kwa miguu utapita kati ya mashamba, utasalimiwa na kila unayekutana naye, na usipoitikia utaonekana huna adabu. Utapita kwenye eneo la Kanisa la Kilutheri, penye shule ya watoto wasioona na shamba linalouza jibini, jamu na mkate wa rai. Kisha, bila taarifa, ardhi inakwisha. Naam, inakwisha. Mbele yako hakuna kitu isipokuwa hewa, na takribani mita 1,000 chini yake kuna Mazinde, kuna mashamba ya mkonge yaliyopigwa mistari kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza, kuna uzi mwembamba wa lami ambao ni ile barabara kuu uliyopita asubuhi, halafu nyika, nyika, nyika, mpaka macho yachoke. Hapo na kandokando yake ndipo wenye loji walipojenga vyumba vyao, na madirisha wameyaelekeza nje.

Kiswahili chetu kina utani wake. Neno genge lina maana zaidi ya moja. Genge ni poromoko la mlima, mahali ardhi inapokatika. Na genge ni kile kibanda cha mama anayeuza nyanya, vitunguu na bamia kwa mafungu. Kwa hiyo swali la shemeji unaweza kuliuliza kwa neno moja tu: ulale karibu na genge, au ulale karibu na genge?

Mimi nimelala kwenye magenge yote mawili na yote mawili yamenitia adabu.

Mara ya kwanza nilitaka mandhari. Nikachagua loji ya ukingoni, tena mwezi wa saba, kwa kuwa ndipo nilipopata likizo. Msikilizaji, mwezi wa saba milimani ni mwezi wa baridi na ukungu. Nilifika jioni nikaambiwa, "Hapa mbele, bwana, kesho asubuhi utaona nyika yote." Kesho asubuhi nikafungua pazia nikaona weupe. Nikadhani dirisha limepakwa chokaa. Keshokutwa vilevile. Siku tatu nimelipia nyika nikaoneshwa pamba. Na kwa kuwa barabara ya vumbi ilikuwa imegeuka tope, na vijana wa bodaboda walikuwa hawataki kupanda baada ya magharibi, nilikula palepale, nikazungumza na mhudumu yuleyule, nikasoma gazeti lilelile mpaka matangazo ya vifo.

Mara ya pili nikasema, la, sasa nakaa mjini. Nikapata nyumba ya wageni hatua chache kutoka stendi. Chumba kisafi, mwenyeji mkarimu, bei haikuuma. Usiku ukaingia, na kumbe nyuma ya ukuta wangu kulikuwa na baa. Muziki mpaka saa nane za usiku. Saa nane ukanyamaza, nikashukuru. Saa kumi jogoo. Saa kumi na moja adhana. Mara honi ya basi la kwenda Dar es Salaam, na kondakta anaita abiria kwa sauti ya mtu anayezima moto. Nilikuja mlimani kutafuta usingizi nikawa mlinzi wa zamu.

Ningeweza kuishia hapo nikasema kote kuna kasoro zake, chagua unayoiweza. Lakini jibu la namna hiyo halifai kitu. Nilipoyatazama tena makosa yangu, niliona yote mawili yana mzizi mmoja: nilichagua mahali pa kulala kwa kufikiria mchana.

Fikiri nami. Ukiwa Lushoto mchana, wewe uliyelala mjini na yule aliyelala ukingoni mnakutana njiani. Yeye ameshuka kuja sokoni, wewe umepanda kwenda kutazama nyika. Mnakwenda pamoja msitu wa Magamba kuwatazama mbega wakiruka juu ya miti. Mnakula mapeasi yaleyale. Mchana ni wa wote. Kinachowatenganisha ni saa mbili tu za siku: saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Jioni, mgeni wa kutembea ameshaondoka Irente, na jua linazama upande wa nyika, na aliyelala pale amebaki nalo peke yake. Saa hiyohiyo mjini, taa za mafuta na za umeme zinawashwa magengeni, wanafunzi wanarudi, mama wa chipsi anamimina mafuta, wazee wametoka kuswali wanasimama barazani wakiulizana hali ya maharage. Huwezi kuwa sehemu zote mbili saa hiyo. Hapo ndipo uchaguzi ulipo. Chumba cha hoteli kinakununulia machweo na mapambazuko, basi.

Kwa hiyo jiulize: saa kumi na mbili jioni nataka kutazama nini? Ukitaka kutazama nje, kwenye upeo na ukimya, nenda ukingoni. Ukitaka kutazama ndani, kwenye maisha ya watu wa mlima, kaa bondeni.

Na usidhani swali hili limeanza na watalii. Milima hii imelijadili zamani sana. Wasambaa wenyewe wana maneno mawili ya kugawa dunia yao: Shambaai, nchi ya juu ya migomba na mvua, na nyika, nchi ya chini ya jua na misafara. Ukisoma *Habari za Wakilindi*, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, utakutana na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu. Alikuja mgeni. Nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mashamba ya watu, yeye akawaua, nyama akagawa, na mwisho wake watu wakamfanya mfalme wao. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone; Mbegha alikuja na wenyeji wakapona kweli. Kizazi chake, ndio hao Wakilindi, kikatawala kutoka Vuga, ndani ya milima, katikati ya migomba. Ni huko Vuga mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alikopanda kumwona Mfalme Kimweri ye Nyumbai.

Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, mambo yakageuka. Mwanawe Semboja alikuwa ameweka makao Mazinde, kule chini kwenye nyika. Kwa nini? Kwa sababu Mazinde ilikuwa njia ya misafara. Pembe zilipita pale, bunduki na baruti zilipita pale. Vuga ilitazama ndani, kwenye mvua na matambiko na migomba. Mazinde ilitazama nje, kwenye biashara. Semboja alichagua kutazama nje, akapata nguvu, na ufalme ukaingia vitani, ndugu kwa ndugu. Leo ukisimama ukingoni Irente na kikombe chako cha chai, unaposema "lo, mandhari gani haya," hapo chini unapopaangalia ni Mazinde ya Semboja. Mandhari ina watu wake, ila kwa umbali ule huwasikii.

Turudi kwa mambo ya begi na pochi, maana najua kuna msikilizaji ananiambia, bwana mkubwa, historia nzuri, lakini mimi nina watoto watatu na mshahara mmoja.

Kwanza, uliza unasafiri na nani. Ukiwa na mtu mzima mwenye magoti mabovu, mji una faida: duka la dawa lipo, hospitali ipo, usafiri upo hata usiku. Ukiwa na watoto wadogo sana, kumbuka kwamba ukingo wa mlima hauna mlango wa kufunga. Ukiwa na mwenzi wako na mna mwezi mmoja wa ndoa, sina haja ya kukueleza; ukungu kwenu si hasara.

Pili, uliza msimu. Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, barabara za milimani zina tabia zake: udongo huporomoka, mawe hushuka, na gari dogo linaweza kulala njiani na wewe ndani yake. Kipindi cha baridi, mwezi wa sita hadi wa nane, hewa ni nzuri sana lakini ukungu hauweki miadi na mtu. Kama siku zako ni chache na msimu hauaminiki, usiweke fedha zako zote kwenye dirisha la kutazama nyika.

Tatu, piga simu kabla ya kwenda, na usiulize "kuna chumba?" peke yake. Uliza maji ya moto yanapatikana saa ngapi, na umeme ukikatika yanapatikana vipi. Uliza mablanketi ni mangapi kitandani. Uliza mvua ikinyesha gari dogo linafika mlangoni au linaishia njia panda. Uliza chakula cha jioni kinaagizwa saa ngapi, maana loji nyingi za mlimani hazipiki mpaka zijue mko wangapi. Ukifika saa mbili usiku na njaa yako utaambiwa kuku ndiyo kwanza anakimbizwa. Na uliza swali hili kwa sauti ya wazi: bei hiyo ni ya chumba au ya kichwa? Wengi wamefurahia bei nafuu kwenye simu, wakafika wanne, wakalipa mara nne.

Nne, piga hesabu ya miguu. Chumba cha mjini ni rahisi, lakini kama kila siku utakodi gari kwenda Irente na Magamba na kurudi, nafuu yako imeliwa barabarani. Na chumba cha ukingoni ni ghali kidogo, lakini kama nia yako ni kukaa, kutembea kwa miguu na kulala mapema, hutoi senti nyingine. Bei ya kitanda bila bei ya njia ni nusu ya habari.

Na hapa niseme jambo kuhusu fedha yako inakokwenda, kwa sababu fedha ya mgeni ni mvua. Ukilala mjini, fedha yako inanyesha manyunyu: huyu kapata hela ya chapati, yule kapata buku ya bodaboda, bibi wa matunda damu kauza mafungu mawili, na kabla hujalala imeshagawanyika kwenye mifuko kumi. Ukilala kwenye loji, fedha inaingia kwa mlango mmoja, halafu inatoka mwisho wa mwezi kama mshahara wa mpishi, mlinzi, mtunza bustani. Sisemi ipi ni bora. Mshahara wa kila mwezi unasomesha mtoto kuliko hela za chapati. Lakini ukiwa loji, muulize mhudumu kwa upole: viazi hivi vimetoka wapi? Akikuonesha kwa kidole shamba la mteremko wa pili, umelala mahali pazuri. Akikuambia vimetoka mjini Dar, wakati Lushoto ndiyo inayopeleka mboga na viazi Dar, basi kuna kitu hapo hakijakaa sawa.

Vilevile, popote utakapolala, kama unataka kuzunguka, chukua mwenyeji akuongoze. Lushoto ina vijana waliojipanga kwa utalii wa kitamaduni kwa miaka mingi sasa. Wanajua njia, wanajua mti huu dawa ya nini, wanajua nyumba gani mgeni anaweza kupiga hodi. Nami nakuhakikishia, kuongozana na mtu anayesalimia kila anayekutana naye kwa Kisambaa ni sawa na kupewa funguo za mlima.

Msikilizaji wa Kenya asiseme nimemsahau. Nanyuki ni hadithi ileile kwa sura nyingine. Mji wenyewe una shughuli zake, maduka, matatu, wafanyabiashara wa mboga, na Mlima Kenya umesimama kwa mbali asubuhi. Ukitoka nje kidogo unakuta hoteli ya Mount Kenya Safari Club, ambayo mwigizaji wa filamu wa Marekani William Holden na wenzake waliianzisha mwaka 1959, nyasi zimekatwa kama zulia. Sehemu zote mbili mlima ni uleule. Lakini mtu wa mjini anautazama akiwa anakwenda kazini, na mtu wa hotelini anautazama akiwa hana pa kwenda. Ni mitazamo miwili tofauti kabisa.

Na Moshi je? Wapanda Kilimanjaro hujiuliza walale Moshi mjini au walale Marangu karibu na geti. Hapo kuna jambo la kuchekesha. Aliyelala Moshi, akiamka alfajiri kabla mawingu hayajashuka, anakiona kilele cha Kibo chote na theluji yake. Aliyelala Marangu, mbavuni kabisa mwa mlima, anaona migomba, mifereji na ua la jirani. Kadiri unavyousogelea mlima ndivyo unavyoacha kuuona, unaanza kuona vitu vilivyoko juu yake. Liweke hilo akilini.

Nilimpigia shemeji baada ya zile siku mbili, nikamweleza haya yote, dakika arobaini nzima, vocha yangu mwenyewe. Akanisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo, shemeji, mjini au juu?"

Ndipo nilipotambua kwamba kati yetu wanaume wawili wenye akili timamu, hakuna aliyemuuliza mwenye safari. Nikamwambia, mpe mama simu.

Mama akachukua. Nikamweleza kwa kifupi. Akasema, "Mimi mnilaze penye watu. Nikizindukana usiku nataka nisikie jogoo, nisikie adhana, nijue niko duniani. Huko ukingoni nitalala na nani, na upepo?" Nikasema haya, mjini. Lakini shemeji, ambaye alikuwa ameshaona picha za machweo ya Irente kwenye simu yake, akabembeleza: siku mbili mjini, siku moja juu. Mama akakubali kama anavyokubali dawa chungu.

Wakaenda. Siku mbili za mjini sina la kusimulia kwa sababu mama mwenyewe hakunisimulia. Alikuwa na kazi. Alikwenda sokoni mara nne. Alipata rafiki, mama mmoja wa genge la nyanya, wakagundua wana jamaa wa pamoja Muheza. Alifundishwa namna ya kuhifadhi mapeasi, akafundisha namna ya kupika samaki wa nazi kwa mtu asiye na nazi. Aliporudi alikuwa na kapu la maplamu na namba tatu mpya za simu.

Siku ya tatu wakapanda juu. Jioni ukungu, hakuona kitu. Alikula, akaswali, akalala mapema na mablanketi matatu. Shemeji anasema usiku kucha alikuwa anawaza atakavyonieleza mimi.

Asubuhi anga likafunguka.

Mama yetu, msikilizaji, alipoolewa alipelekwa Moshi kwa treni. Baba alikuwa na kazi kule. Ile ni reli ya kale, Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea hadi Moshi. Miaka mingi mama alikuwa akipanda treni ile na baadaye mabasi, Tanga kwenda Moshi, Moshi kurudi Tanga, na watoto mgongoni, nami nikiwa mmoja wao. Kila safari, kutoka Mombo mpaka mbele ya Mazinde, alikuwa akikaa upande wa dirisha akiutazama ule ukuta wa mlima uliosimama kando ya njia. Hakuwahi kuupanda. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba juu ya ule ukuta kuna watu wanaokunywa chai.

Asubuhi ile alisimama pale ukingoni na kanga yake amejifunika kichwa, shemeji amemshika mkono, akamuuliza, "Ile reli iko wapi?" Shemeji akamwonesha. Akatazama muda mrefu. Basi moja lilikuwa linapita kule chini, dogo kama siafu. Mama akasema, "Miaka yote ile nilikuwa napita pale nautazama mlima. Kumbe na mlima ulikuwa unanitazama."

Akanyamaza. Kisha akadai chai.

Juzi alinipigia yeye mwenyewe kunishukuru kwa ushauri, ingawa sote tunajua ushauri ulikuwa wake. Nikamuuliza, "Sasa mama, mwakani tukulaze wapi, juu au mjini?"

"Mjini," akasema, bila kufikiri. "Kule juu nimeshaonwa."